Nani Alitikisika?

Kamera ya marehemu Baba ilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha Mama, tangu mwaka 2009. Ni kamera ya Kijapani ya lenzi mbili, zile za kuchungulia kwa juu ukiwa umeinamisha kichwa kama mtu anayeomba dua. Lenzi ya juu ni ya kutazamia, ya chini ndiyo ya kupigia. Likizo iliyopita nilikwenda Tabora kumjulia hali Mama, nyumbani Isevya, naye akaniambia kwa sauti ya mtu anayezungumzia chungu cha zamani, "Ile kamera ya baba yenu ichukue. Panya wataila ngozi."

Nikaichukua. Mimi si fundi wa kamera. Ni mwalimu wa sekondari ambaye kwa miaka kadhaa sasa ninafungua kamera mbovu za mkanda, ninazisafisha, na mara mojamoja zinapona. Usiku uleule, Mama akiwa amelala, nikaiweka kwenye meza ya kulia, nikavuta shata, nikabonyeza. Kwenye 250, tiki. Kwenye 125, tiki. Nikageuza hadi 15. Shata ikafunguka, ikabaki wazi, ikavuma zzzz kama nyuki aliyenaswa ndani ya chupa, ndipo ikajifunga.

Kwa fundi yeyote huo ni ubovu wa kawaida kabisa. Kwangu mimi ule mvumo ulikuwa ushahidi katika kesi ambayo nyumbani kwetu ilishahukumiwa mwaka 1984.

Swali linalonisumbua tangu usiku ule ni hili: chombo kinapokosea, nani abebe mzigo wa kosa lake? Linasikika kama swali la karakana. Mimi naona ni swali la kila mtu mwenye chombo mkononi na mtu wa karibu wa kumlaumu.

Acha kwanza nieleze shata, maana kesi yote imo humo.

Katikati ya lenzi kuna vibati vyembamba kama maganda ya kitunguu, vimepandana, vimeziba njia ya mwanga. Ukivuta mkono wa shata unakaza springi. Ukibonyeza, springi inaachiwa, vibati vinafunguka, mwanga unaingia, vinafunga. Namba unazoziona pembeni ni sehemu za sekunde: 125 maana yake sekunde moja igawanywe mara 125. Kwa mwendo wa haraka springi peke yake inatosha. Kwa mwendo wa polepole, kama 15 au 8, springi ingefunga mapema mno, kwa hiyo waliotengeneza waliweka msururu wa magurudumu madogo yenye meno, na mwisho wake kipande kinachopiga kichwa huku na huku kama ndani ya saa ya mezani. Kazi ya msururu ule ni moja tu, kuchelewesha. Ule mvumo unaousikia ni wao.

Magurudumu hayo yaliwekwa mafuta kiwandani, tone dogo sana. Miaka ikipita, pamoja na joto na vumbi letu, mafuta yanageuka utomvu. Magurudumu yanaanza kuvuta miguu. Mwendo wa haraka hauathiriki, kwa sababu hauyahitaji. Kwa hiyo kamera inaendelea kuonekana nzima. Ubovu wake unajificha gizani, kwa maana halisi: unajitokeza pale tu mwanga unapokuwa haba.

Simu yangu inarekodi fremu 240 kwa sekunde. Nikaielekeza kwenye lenzi nyuma yake kukiwa na tochi, nikabonyeza kwenye 15. Shata nzima ingebaki wazi kwa fremu 16. Nilihesabu 211. Nikarudia, 198. Nikarudia tena, 224. Karibu sekunde nzima badala ya sehemu moja ya kumi na tano.

Sasa, kesi yenyewe.

Mama ana picha ambayo haijawahi kukaa ukutani. Iko ndani ya bahasha, ndani ya mkoba wa vyeti. Ni yeye, amekaa kwenye kigoda cha studio ya Baba, amevaa gauni la maua na kanga begani, amempakata mdogo wangu wa kike mwenye umri wa miezi minane. Nyuma yao ni lile pazia ambalo watu wengi wa Tabora wa umri wangu wamepigwa picha mbele yake. Kila kitu kimetoka, isipokuwa uso wa mtoto. Mahali pa uso kuna ukungu, na ndani ya ukungu macho ambayo huwezi kujua kama ni mawili au manne.

Ilikuwa msimu wa mvua na umeme ulikatika. Nilikuwa na miaka sita, nilikuwepo. Nakumbuka dirisha la studio likiwa la kijivu, foleni ya wanafunzi waliokuja kupiga picha za paspoti imejibanza barazani kukwepa mvua, na Baba akisema maneno yake ya kila siku: "Tulieni. Msipumue." Wateja walizoea kumtania kwa maneno hayo. Mitaani watoto walimwita Bwana Usipumue.

Wiki tatu baadaye mdogo wangu aliugua homa, akashikwa degedege, akafariki. Haikuwepo picha nyingine. Mkanda ulipotoka kusafishwa na Baba akakabidhi ile picha, alisema sentensi mbili ambazo nimezisikia utoto wangu wote, kila alipokuja shangazi au jirani akaomba kumwona marehemu: "Mtoto alitikisika. Mama yake hakumshika vizuri."

Mama hakuwahi kujibu. Alichukua picha, akairudisha kwenye bahasha.

Utaniambia, na una haki, kwamba utomvu wa leo si utomvu wa mwaka 1984. Kamera iliyolala sandukuni miaka mingi lazima izidi kuganda. Pengine siku ile shata ilikuwa nzima na mtoto kweli alirushika. Ndiyo maana sikuishia kwenye kamera. Asubuhi nilitafuta negativu. Baba alikuwa mtu wa mpangilio. Bahasha zake zina miezi na miaka. Nikaipata, nikaishika mbele ya dirisha kwa kioo cha kukuzia.

Kilichonishitua ni pazia.

Pazia lile lilining'inia kama hatua moja nyuma ya kigoda. Kwa mwanga hafifu wa siku ya mvua, mpiga picha anayeamini kwamba 15 yake ni 15 hulifungua tundu la lenzi, tuseme namba 5.6, ili mwanga uingie wa kutosha. Tundu likiwa wazi kiasi hicho, kitu kilicho hatua moja nyuma ya mtu hakitoki vizuri, kinayeyuka. Lakini kwenye negativu ile naona kila mshono wa pazia. Ili pazia litoke hivyo lazima tundu liwe limebanwa sana, kufikia kama namba 22. Na anayebana tundu namna ile katika chumba chenye giza ni mtu anayejua kwamba shata yake itabaki wazi muda mrefu. Asingelibana, mkanda ungeungua kwa mwanga na negativu ingetoka nyeusi kama mkaa.

Kwa maneno mengine, Baba alijua. Mkono uliobana tundu ulijua shata itakawia. Na hata bila hesabu hiyo alikuwa na masikio. Mtu aliyeishi na kamera miaka kumi na kitu hawezi kusikia ule mvumo asijue maana yake. "Msipumue" halikuwa pambo la biashara. Alikuwa akiwaomba wateja wafidie kwa mapafu yao kile ambacho chombo chake kilishindwa.

Halafu nikaona jambo la pili, nikashangaa lilivyokaa wazi miaka yote bila kuonwa na mtu. Mkono wa Mama. Mkono uliomshika mtoto kifuani umetoka safi kuliko kitu chochote katika picha ile: pete, kucha, mkunjo wa kanga chini ya kidole. Kwa sekunde nzima mkono ule haukusogea hata unywele. Picha iliyotumika kumshitaki ndiyo shahidi wake. Alimshika. Alimshika vizuri kuliko mtu yeyote anavyoweza kutakiwa kumshika mtoto wa miezi minane.

Baba hakuwa mtu mbaya, na sitaki usomaji wa haraka umgeuze kuwa hivyo. Ile ilikuwa miaka ya shida. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, seuze springi ya shata. Kuituma kamera Dar es Salaam ilikuwa ni kufunga studio kwa muda usiojulikana, na studio ndiyo iliyotulisha. Akisema mbele ya foleni ya wanafunzi kwamba kamera yake inaumwa, kesho foleni ingekuwa kwa jirani. Tumefundishwa pia kwamba mtu anayelaumu chombo ni mtu wa visingizio. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, tunasema, na tunacheka. Basi Baba akakataa kuwa mbaazi. Hakulisingizia jua wala kamera. Lakini kosa lilikuwepo na lilihitaji mahali pa kukaa, naye alipoliondoa kwenye chombo na kulikataa yeye mwenyewe, likabaki na mahali pamoja tu.

Hapo ndipo ninapoona methali inaweza kutupotosha. Kuna siku jua kweli limekosekana. Kuna siku chombo kweli ni kibovu, na kusema hivyo si kisingizio, ni ukweli wa kawaida unaomwokoa mtu wa tatu. Aibu ya kuonekana mbaazi imewafanya watu wangapi wanyamaze, na ukimya wao ukamwangukia nani?

Nafikiri mtu aliyekulia Tabora analielewa suala la mzigo haraka kuliko wengine. Mji huu ulijengwa na mizigo. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa Unyanyembe kuelekea Ujiji na ziwa, na miembe mikubwa tunayokaa chini yake hadi leo ni alama za njia ile. Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 wakafika hapa tarehe 7 Novemba, na wala hawakuibeba safari hiyo wao. Ilibebwa na wapagazi, na kazi ya upagazi iliwapa Wanyamwezi jina katika njia nzima. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulifikia frasila mbili, karibu kilo 32.

Katika habari za misafara ile kuna jambo dogo ninalolipenda: asubuhi ya safari kulikuwa na ugomvi. Wapagazi waligombea mizigo, kila mmoja akiinua huu na kuuweka chini, akiinua mwingine, kabla ya kukubali wa kwake. Wageni waliona fujo. Mimi naona haki ndogo, pengine pekee waliyoachiwa wengi wao: kuupima mzigo kabla haujawa wako. Na ninajua fika kwamba katika njia hiyohiyo walipita watu wenye minyororo shingoni ambao hata haki hiyo hawakuwa nayo.

Kamera yenyewe ina historia inayofanana na hiyo. Picha za mwanzo zilihitaji muda mrefu wa mwanga, na muda mrefu humpendelea anayeweza kutulia. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple, barabara yenye shughuli nyingi jijini Paris. Ilichukua dakika kadhaa. Magari ya farasi na umati wote wa wapita njia waliyeyuka. Barabara inaonekana kama imehamwa. Anayeonekana ni bwana mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu. Mwenye kusafisha viatu yuko chini yake, kama kivuli. Mwenye nafasi ya kusimama ametoka. Anayesugua hakutoka vizuri, kwa sababu alikuwa kazini.

Hapa kwetu fikiria Chuma na Susi. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo mwaka 1873, wao na wenzao waliubeba mwili wake kuelekea pwani. Oktoba mwaka huohuo walifika hapa Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza Cameron, aliyewashauri wamzike papa hapa. Wakakataa. Wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hakuna picha ya kamera ya safari ile wakiwa wanatembea. Picha yao maarufu ilipigwa Uingereza mwaka 1874, pale Newstead Abbey, wakiwa pamoja na familia ya marehemu. Wamevaa nadhifu, wametulia. Ilibidi kwanza waushushe mzigo ndipo waonekane.

Sisemi kwamba Baba na Daguerre walikuwa na nia moja. Ninasema chombo kinachokawia hakikawii sawa kwa watu wote. Kinamtaka kila mtu atulie, kisha kinamwadhibu asiyeweza: mchapa kazi, mgonjwa, mtoto. Halafu tunatazama picha na kusema alitikisika, kana kwamba kutikisika ni tabia yake na si kipimo cha ubovu wetu.

Nirudi mezani. Nilikuwa na maswali mawili. Je, niisafishe kamera? Na je, nimwambie Mama?

La kwanza lilionekana jepesi mpaka nilipogundua kwamba nikisafisha, kosa linaondoka na ushahidi wa Mama unaondoka nalo. Kiswahili kina neno moja kwa kazi mbili: aliyeunda kiti kipya ametengeneza, na aliyeunga mguu wa kiti kilichovunjika naye ametengeneza. Ninalipenda neno hilo, ila lina ukimya ndani yake. Kiti kikishatengenezwa, nani anakumbuka kwamba kilimwangusha mtu? Kuna utengenezaji wa kufuta, na watu wenye makosa ya zamani hupenda huo. Niliamua kutunza video za simu kwanza, na kuipiga picha negativu mkono ule ukiwa umekuzwa. Ndipo nikafungua.

Kazi yenyewe haina maajabu. Unabandua ngozi ya mbele taratibu kwa joto la kikausha nywele, chini yake kuna skrubu. Unaondoa uso wa mbele, kioo cha mbele, kisha pete ya namba, ukipiga picha kila hatua ili ujue kurudisha. Magurudumu yanajitokeza, madogo kama mbegu za nyanya, yamefunikwa utomvu wa kahawia. Watu wasiozoea hukosea hapa kwa kuongeza mafuta, shata ikapona siku mbili, kisha mafuta yakafika kwenye vibati na kuviganda vyote. Dawa ni kuondoa. Petroli nyepesi ya viberiti vya zamani, tone kwa tone kwenye ncha ya sindano, unabonyeza shata, unafuta kwa pamba, unarudia. Nilirudia kama mara arobaini. Mvumo ulianza kupanda sauti, ukafupika, mwishoni ukawa mkwaruzo mdogo tu. Fremu 17. Nikapima tena, 16.

Swali la pili lilikuwa zito. Marehemu hasemwi vibaya, na Baba hana mdomo wa kujitetea. Mama ana umri mkubwa, ana sukari, amekwisha kuzoea. Kwa nini nimfukulie? Dada yangu mkubwa, niliyempigia simu Mwanza, alisema wazi, "Unataka kumpunguzia Mama mzigo, au unataka kuonekana fundi?" Swali hilo lilinikaa usiku kucha, na siwezi kuapa kwamba halikuwa na ukweli. Lakini asubuhi nilikuwa na jibu moja dogo. Mzigo huu si wangu wala si wa Dada, kwa hiyo hatuna haki ya kuamua kwamba Mama amekwisha kuuzoea. Mwenye kichwa ndiye anayejua.

Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nilimwamkia, akaitikia, nikakaa kwenye mkeka. Nikamwonyesha simu. Sikuanza na Baba, nilianza na mkono. "Mama, tazama mkono wako. Pete hiyo. Haujatikisika hata kidogo." Nikamweleza habari ya shata kwa maneno machache, nikamwonyesha video, akatazama vibati vikifunguka na kukawia.

Alinyamaza muda mrefu, ungo ukiwa mapajani. Kisha akauliza, "Kwa hiyo haikuwa degedege?"

Sikuelewa. Nikamuuliza degedege gani.

"Baba yenu aliposema katikisika, nikajua ugonjwa ulikuwa umeshaanza siku ile. Kwamba alikuwa anatetemeka mikononi mwangu, na mimi mamaye nimempakata, natazama kamera, sikujua. Ningejua mapema ningemkimbiza hospitali."

Karibu miaka 40. Mimi na kipimo changu na hesabu zangu za fremu nilidhani ninajua kilichokuwa ndani ya mzigo ule: lawama ya kushika vibaya, picha iliyoharibika. Hicho ndicho Baba naye alichodhani anamtwisha. Kitu kidogo, uso wa biashara umepona, mke atavumilia. Hakuna kati yetu aliyewahi kuuinua.

Nikamwambia ninachoweza kukisema kwa uhakika. Mtoto mzima kabisa akigeuza kichwa kumtafuta baba yake aliyejificha nyuma ya kamera, shata ikiwa wazi sekunde nzima, anatoka hivihivi. Haihitaji ugonjwa. Inahitaji mtoto tu.

"Alikuwa anampenda sana baba yake," Mama alisema. Akachambua mchele kidogo. Kisha: "Angesema tu. Tungerudi kesho."

Nimetafuta katika vitabu vya maadili sentensi itakayonijibu swali langu vizuri kuliko hiyo, sijaipata. Hakumlaani, hakumtetea. Alitaja tu bei halisi ya ukweli siku ile ya mvua: kurudi kesho. Foleni kucheka kidogo, wanafunzi wawili watatu kwenda kwa jirani. Kila mwenye chombo, awe daktari na kipimo chake, mwalimu na mtihani wake, karani na mashine yake, anafika siku anaposikia mvumo usio sawa. Siku hiyo kosa bado ni la chombo, na ni jepesi. Akinyamaza, halipotei. Linamhamia mtu aliye karibu, na huko linaongezeka uzito kwa namna ambayo mwenye chombo hataijua kamwe. Wajibu wa fundi, naona, unaanza kabla ya bisibisi. Unaanza na kusema, "Subirini, kamera yangu ina shida."

Siku ya kuondoka niliweka mkanda. Mama alikaa kwenye kiti cha baraza, akajiweka sawa kanga, akaweka mkono juu ya mkono. Mawingu yalikuwa yametanda, kwa hiyo niliweka 15. Nikachungulia kwa juu. Nikaona kifua chake kimesimama. Alikuwa ameshikilia pumzi, kama alivyozoeshwa.

"Pumua, Mama," nikamwambia. "Pumua tu."

Akacheka, nami nikabonyeza. Mkanda una picha 12. Bado haujasafishwa.